Nani Ashike Daftari la Majina?

Mtoto akizaliwa kwetu hakai siku nyingi bila jina. Wengine humpa la babu yake, wengine la siku aliyozaliwa, wengine la shida iliyokuwapo mwaka ule. Tunafanya hivyo kwa sababu tunajua kwamba asiye na jina hawezi kuitwa, na asiyeitwa hawezi kutumwa, kuombewa wala kukumbukwa. Lakini kutoa jina ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuwapo mtu anayejua kwamba jina lile ni la nani, na kwamba mwenyewe anapatikana wapi.

Katika mitaa ya Tanzania, kwa miaka mingi kazi hiyo ya pili ilifanywa na balozi wa nyumba kumi. Mgeni akishuka basi na kumwulizia mtu, alipelekwa kwa balozi. Balozi hakuijua nchi nzima, wala hakudai kuijua. Alizijua nyumba zake kumi: nani amehama, nani amepanga chumba cha uani, nani yuko safarini. Jambo lililovuka nyumba zake alilipeleka mbele, na huko mbele walijulikana mabalozi wengine. Kwa njia hiyo nchi kubwa iliweza kujulikana bila ya kuwapo mtu mmoja anayeijua yote.

Nimemtaja balozi kwa makusudi. Insha hii inahusu mtandao wa kompyuta wa nyumbani, na hasa mashine moja ndani yake, seva ya majina, ambayo kazi yake ni ile ile ya balozi. Wengi huona kwamba hili ni jambo la mafundi. Mimi naona ni jambo la kila mwenye nyumba, na historia yake itaonyesha kwa nini.

Tarehe 29 Oktoba 1969 kompyuta moja ya chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles, ilijaribu kuzungumza na nyingine iliyokuwa katika taasisi ya utafiti ya SRI, Menlo Park, zote katika jimbo la California. Zilifika herufi mbili tu, L na O, kisha mtambo ukazimika. Huo ndio mwanzo wa ARPANET, mtandao uliogharimiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Mwisho wa mwaka ule mashine zilizounganishwa zilikuwa nne. Watu wanne wakikaa barazani hawahitaji daftari la majina. Kila mmoja anamwona mwenzake.

Miaka ilivyosonga, mashine ziliongezeka. Kila moja ilikuwa na namba, kwa kuwa mashine hupenda namba. Lakini binadamu hupenda majina. Basi ikawekwa orodha moja, faili lililoitwa HOSTS.TXT, iliyoeleza jina fulani ni la namba fulani. Orodha hiyo ilitunzwa na kituo cha habari cha mtandao pale SRI, ambacho tangu mwaka 1972 kiliongozwa na mwanamama Elizabeth Feinler, aliyejulikana kwa wenzake kama Jake. Aliyekuwa na mashine mpya alikiarifu kituo kwa simu au kwa barua, jina likaandikwa, na wengine wote wakaja kuchukua nakala.

Utaratibu huo ulikuwa wa kiungwana, na ulifanya kazi vizuri maadamu wageni walikuwa wachache. Walipofika mamia, matatizo yake yakaonekana. Kwanza, faili lilizidi kuwa kubwa, na kila mtu alitaka nakala nzima hata kama alikuwa na haja ya jina moja. Pili, nakala ilichakaa: kufikia wakati mtu wa mbali anaipata, kuna aliyekwisha kuhama. Tatu, majina yaligongana, maana watu wawili wasiojuana wanaweza kupenda jina moja, na katika orodha moja isiyo na ukoo wala kijiji hapawezi kuwa na Juma wawili. Nne, ofisi moja huko California ilikuwa ndiyo mlango pekee. Ikilala, majina nayo yamelala.

Aliyepewa kazi ya kutafuta dawa ni Paul Mockapetris, aliyekuwa katika taasisi ya sayansi ya habari ya University of Southern California. Aliyemkabidhi kazi hiyo ni Jon Postel, mtu wa ndevu ndefu aliyekuwa mtunzaji wa namba na kanuni za mtandao kwa miaka mingi. Novemba 1983 Mockapetris alitoa waraka wa kwanza wa mpango wake, na mwaka 1987 akaurekebisha katika maandiko ambayo bado ni msingi wa kazi hiyo mpaka leo. Mwaka 1984 wanafunzi wanne wa chuo kikuu cha Berkeley waliandika programu ya BIND, iliyoupeleka mpango huo katika mashine nyingi za vyuo. Tarehe 15 Machi 1985 likaandikishwa jina la kwanza la biashara lenye mwisho wa .com, nalo ni symbolics.com.

Mpango wenyewe ni wa balozi, ingawa sidhani kwamba Mockapetris alipata kumsikia. Badala ya daftari moja, kuna madaftari mengi. Juu kabisa kuna mzizi, ambao haujui nyumba yoyote. Unajua tu nani anashika.com, nani .org, nani .ke ya Kenya na nani .tz ya Tanzania. Anayeshika .tz haijui kila kompyuta ya Tanzania; anajua tu ni seva gani inayojibu kwa niaba ya kila jina lililoandikishwa chini yake. Na aliye chini kabisa ndiye anayejua kwamba mashine fulani iko wapi. Kila mtu anajibu kwa kile alichokabidhiwa, na kisicho chake anakuelekeza mbele. Jibu likishapatikana, hukaa katika kumbukumbu ya seva iliyouliza kwa muda uliowekwa, halafu hufutwa ili liulizwe upya, na hivyo tatizo la nakala chakavu likapata dawa.

Watafsiri wetu walipohitaji neno la eneo hili la mamlaka ya majina, walichukua neno la zamani: kikoa. Kula kikoa, kwa wasioijua desturi hiyo, ni watu kula pamoja kwa zamu, leo chakula kinatoka kwa huyu, kesho kwa yule. Sijui neno lingine lililohamishwa kwa bahati njema kama hili. Mtandao wa majina ni kikoa kweli: kila mmoja anatoa zamu yake, na asiyeleta chungu chake amewanyima wote.

Lakini msomaji asidhani kwamba kugawa madaftari kuliondoa swali la nani mkubwa. Tarehe 28 Januari 1998 Postel aliwaandikia waendeshaji wa seva za mzizi, wanane kati ya kumi na wawili waliokuwa wakinakili daftari kutoka seva kuu, akiwaomba wainakili kutoka kwake badala ya kampuni iliyokuwa na mkataba wa Serikali ya Marekani. Wakakubali, kwa kuwa walimwamini. Kwa siku chache dunia ilikuwa na mizizi miwili, na kwa kuwa yaliyoandikwa humo yalikuwa sawa, watumiaji hawakuona lolote. Maofisa wa Serikali waliona, wakakasirika, na mambo yakarudishwa yalivyokuwa kabla ya wiki kwisha. Mwaka huo huo likaundwa shirika la ICANN kushika kazi hiyo, na tarehe 16 Oktoba Postel akafariki akiwa na umri wa miaka 55. Mkataba wa Serikali ya Marekani juu ya mzizi ulikuja kwisha tarehe 1 Oktoba 2016. Kwa hiyo swali la nani ashike daftari liliwachukua wakubwa miaka kumi na minane kulimaliza, kama kweli limekwisha.

Sasa turudi chini kabisa, kwenye nyumba moja.

Mtandao wa nyumbani una asili yake pia. Tarehe 22 Mei 1973 Robert Metcalfe, katika maabara ya Xerox mjini Palo Alto, aliandika waraka wa kueleza namna ya kuunganisha mashine za jengo moja kwa waya mmoja. Alijifunza kutoka mtandao wa redio wa Hawaii uliojengwa na Norman Abramson na wenzake kuviunganisha vyuo vya visiwani. Huo ndio mwanzo wa itheneti. Katika miaka ya 1980 waya wake ulikuwa kama ule wa antena ya televisheni, ukipita kutoka mashine hadi mashine, na kila mwisho ulihitaji kizibo. Kizibo kimoja kikilegea, ofisi nzima ilinyamaza, na fundi alitambaa chini ya meza moja baada ya nyingine akikitafuta. Mwaka 1990 ulipitishwa utaratibu wa kila mashine kuwa na waya wake unaokwenda kwenye kitovu kimoja. Tangu hapo wa mmoja ukikatika, wengine wanaendelea. Halafu mwaka 1997 ikaja kanuni ya kwanza ya mawasiliano yasiyo na waya, ambayo siku hizi kila mpangaji anaidai kama anavyodai maji.

Sisi tulichelewa kufika kwenye karamu hiyo. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingizwa kwa kompyuta nchini, na watu wa rika langu walisoma shule na kuanza kazi bila kuigusa. Pengine ndiyo sababu tunaiheshimu kupita kiasi na kuwaachia vijana na mafundi.

Kuna tatizo lingine lililopaswa kutatuliwa kabla nyumba haijawa na mtandao wake. Namba za mtandao za aina ya zamani hazifiki bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na mapema katika miaka ya 1990 ilionekana wazi kwamba hazitatosha. Mwaka 1994 ikaelezwa njia ya mlango mmoja wa nje kusemea mashine nyingi za ndani, na Februari 1996 zikatengwa rasmi namba za matumizi ya ndani, zikiwamo zile zinazoanza na 192.168. Yeyote anaweza kuzitumia nyumbani kwake bila kumwomba mtu, na jirani anaweza kutumia zile zile bila kugongana, kwa kuwa hazitoki nje ya mlango. Ni kama vyumba vya nyumba zetu: kila nyumba ina chumba cha kwanza na cha pili, na posta haina habari navyo.

Kwa hiyo mwenye nyumba ana mamlaka juu ya namba zake za ndani. Je, majina? Hapo ndipo seva inapoingia. Kazi yake si kubwa kama wengi wanavyoogopa. Huhitaji mashine mpya. Kompyuta kuukuu inatosha, au kile kikompyuta kidogo cha Raspberry Pi kilichoanza kuuzwa mwaka 2012 kwa dola 35. Unaiwekea Linux na programu ndogo ya majina. Unaipa namba isiyobadilika, kwa mfano 192.168.1.2, maana balozi anayehamahama si balozi. Kila kifaa cha nyumbani unakitengea namba yake kwa kufuata alama kilichotoka nayo kiwandani, halafu unaandika daftari: jina hili, namba hii. Mwisho unaiambia ruta kwamba kila mwenye kuuliza jina aelekezwe kwa seva hiyo. Ikiulizwa jina la ndani, inajibu yenyewe; ikiulizwa la nje, inauliza mbele na kuleta jibu.

Jina la kikoa cha nyumbani nalo lisichaguliwe ovyo, kwani ukilichukua la mtu mwingine, siku moja maswali yako yatavuja nje na kwenda kwake. Mwaka 2018 lilitengwa jina home.arpa kwa ajili ya nyumba, na Julai 2024 ICANN ikaamua kwamba .internal libaki kwa matumizi ya ndani daima.

Nyumbani kwangu Dar es Salaam mashine zina majina ya visiwa. Seva ni Mafia, printa ni Tumbatu, kompyuta ya mke wangu ni Pemba, na ile ya picha na nyaraka ni Songosongo. Mjukuu wangu aliwahi kuniuliza, "Babu, mbona hizi zina majina na friji haina?" Nikamjibu kwamba friji haiitwi na mtu aliye chumba cha pili. Akaridhika, ingawa nadhani siku hizi friji nazo zimeanza kuitwa.

Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na mawasiliano ya nchi za pwani yetu yakadhoofika kwa siku kadhaa. Watu wengi waligundua jambo ambalo hawakulifikiria. Katika nyumba moja, simu ilishindwa kuipata kamera iliyokuwa hatua tatu kutoka kwake, kwa sababu vyote viwili vilizoea kukutana kwenye seva ya ng'ambo. Ni kama mume na mke walio chumba kimoja kuzungumza kupitia kwa mtu aliye Ulaya. Kwetu Tumbatu iliendelea kuchapa na Songosongo ikaendelea kutoa picha za harusi, maana aliyeulizwa njia alikuwa ndani.

Jambo hili si geni. Kulikuwa na wakati ambapo barua ya kompyuta kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya pili ya Nairobi ilirushwa kwa setilaiti hadi ng'ambo na kurudi, kwa sababu kampuni za intaneti za mji huo hazikuwa na mahali pa kukutana. Mwaka 2000 wakaanzisha kituo chao cha kubadilishana mawasiliano. Kikafungwa mara kwa mzozo wa leseni, kikafunguliwa tena Februari 2002. Faida yake ilikuwa dhahiri: la Nairobi likabaki Nairobi. Mtandao wa nyumbani wenye seva yake ni funzo hilo hilo kwa kipimo cha nyumba.

Ila kuna upande wa pili, nao ndio ulionifanya niandike. Katika mtaa wetu alikuwapo jirani, fundi hodari, aliyejenga mtandao katika nyumba yake tangu enzi za kompyuta za mezani. Humo alijenga kile ambacho Microsoft, tangu Windows NT ya mwaka 1993, ilikiita pia kikoa, yaani si majina ya mashine peke yake bali na majina ya watu: nani aingie, kwa neno gani la siri, na afungue faili lipi. Seva moja ilikuwa bawabu wa wote. Hati za kiwanja, hesabu za duka, picha za watoto tangu wakiwa wachanga, vyote vilikuwa nyuma ya bawabu huyo, na vilifungwa vizuri.

Jirani yetu alifariki ghafla. Baada ya siku za msiba mjane na watoto walikaa mbele ya mashine ile, inawaka taa, inavuma, imejaa maisha yao, na haikuwajua. Jina kuu la kuingilia alilijua marehemu peke yake. Vijana wa fani walikuja, wengine wakaahidi, wengine wakatoza nauli. Baadhi ya vitu vilipatikana katika karatasi za zamani. Picha nyingi hazikupatikana. Nakumbuka mjane akisema kwamba mume wake alikuwa na ufunguo wa nyumba kwenye msumari nyuma ya mlango, ambao kila mtu aliujua, na kwamba hakuelewa kwa nini huu mwingine haukuwa na msumari.

Neno lile sijalisahau. Nimetaja hapo juu ubaya wa daftari kushikwa na ofisi moja California. Lakini daftari kushikwa na kichwa kimoja Dar es Salaam si bora kuliko hilo. Ni baya zaidi, maana ofisi ya SRI ilikuwa na watu wengi na simu. Hekima ya Mockapetris haikuwa tu kulisogeza daftari karibu. Kanuni za mwaka 1987 zinataka kila eneo la majina liwe na seva zaidi ya moja, ili mmoja akianguka mwingine ajibu. Wale mafundi wa Marekani waliwaza kifo cha mashine tangu mwanzo. Sisi wa nyumbani tunapaswa kuwaza na kifo cha mtu.

Kwa hiyo, kwa anayetaka kujenga mtandao nyumbani kwake, ningemsihi aujenge, na aweke seva yake ya majina, ili ya ndani yabaki ndani hata bahari ikichafuka. Ila kazi haijakwisha mpaka daftari liandikwe kwenye karatasi: majina ya mashine, namba zake, jina kuu na neno lake la siri, na mahali nakala ya pili ilipo. Karatasi hiyo itiwe katika bahasha, ikae na hati ya kiwanja na vyeti vya kuzaliwa, na watu wawili wazima wa nyumba hiyo waambiwe. Mmoja wao afundishwe kuizima na kuiwasha seva bila ya mwenyewe kuwapo, na afanye hivyo kweli mara moja kwa mwaka.

Balozi mwema wa nyumba kumi hakuondoka na daftari. Alipomaliza zamu alilikabidhi, pengine likiwa na kona zilizoliwa na mende, lakini majina yote yakisomeka.